Msuko wa Trini

Nabor Equihua hakuwa mtu wa jikoni. Kule Santa Rita, kijiji cha mbali kusini alikozaliwa, mwanamume aliingia jikoni kuuliza kama chakula kimeiva, na akishajibiwa akatoka. Alipokuja kuishi huku kwenye bonde la matofaa, kaskazini kabisa ambako theluji hufika magotini, alikuja na desturi hiyo pamoja na kofia yake ya ukindu, na vyote viwili alivitunza vizuri. Kupogoa mtofaa mpaka ukazaa pale alipotaka yeye, aliweza. Kuchinja nguruwe, kuezeka paa, kufufua injini ya gari ambayo mafundi wameikatia tamaa, yote aliweza. Lakini kuwasha jiko la gesi, hilo hapana.

"Nabor akitangulia," Trini mkewe alizoea kutania mbele ya wageni, "tutamzika kwa heshima zote. Lakini nikitangulia mimi, jueni kabisa mtamzika na yeye wiki inayofuata. Kwa njaa."

Watu waliangua kicheko, na Nabor alicheka kuwashinda wote, kwa sababu mambo ya kufa wakati huo yalikuwa mambo ya watu wengine.

Trini alikuwa na nywele. Ukiuliza mtaani nyumba ya Trinidad, uliulizwa, yupi, yule wa nywele? Alizisuka msuko mmoja mnene uliomshuka mgongoni ukapita kiuno, na tangu alipokuwa mwali hakuwahi kuzipunguza. Kila alfajiri, kabla ya kwenda ghalani kufungasha matofaa, alikaa ukingoni mwa kitanda, akachana, akasuka, akauzungusha msuko kichwani na kuuficha chini ya wavu wa kazini. Nabor alikuwa akimtazama huku anavaa viatu. Hakuwahi kumwambia kwamba anamtazama. Alijifanya kamba za viatu zinamsumbua, na kwa miaka yote ya ndoa yao kamba zile zilimsumbua kila asubuhi.

Vuli moja, mavuno yakiwa yanaishia, madaktari walimkata Trini titi la kulia lililokuwa na kansa, pamoja na matezi ya kwapani. Alirudi nyumbani na mrija wa kutoa majimaji ubavuni na mkono usiopanda kupita bega. Hospitali walitaka kumletea mwanamke wa kumwogesha na kumvisha, bure kabisa. Trini alikataa katakata. Hakutaka kuguswa na mtu asiyemjua, wala hakutaka kujieleza. Basi Delfina, binti yao, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria kwa madaktari, akapanga mambo upya: yeye atakuja jioni akitoka kazini, amwogeshe mama, apike cha kesho yake, aondoke. Kazi ya baba itakuwa kupasha moto tu. Nabor aliitikia, ingawa hilo la kupasha lilimtia wasiwasi.

Mpango huo haukuvuka asubuhi ya kwanza.

"Nabor."

"Naam."

"Mkono haupandi. Siwezi kusuka."

"Delfina atakuja jioni."

"Mpaka jioni nikae hivi kama mwendawazimu? Akija padre?"

"Padre haji leo."

"Nabor. Hebu njoo hapa."

Akaja. Akasimama nyuma yake akiwa amezishika zile nywele kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui ampakate vipi. Halafu mikono ikakumbuka yenyewe. Baba yake Nabor, Mungu amrehemu, alikuwa msuka hatamu. Kule Santa Rita, farasi wa maana hakuvalishwa hatamu isiyotoka kwa Equihua, na Nabor alikulia chini ya benchi la baba yake akisuka kanda za ngozi mpaka vidole vinachubuka. Akagawa nywele za mkewe mafungu manne, akalowesha vidole kwa mate, akavuta.

"Mamaa! We mzee, mimi si farasi!"

"Tulia."

"Usiniambie tulia! Hivyo ndivyo mnavyosema na punda."

"Punda huwa halalamiki hivi."

Alipomaliza, msuko ulikuwa wa mviringo, mgumu kama kamba ya mashua, na mwishoni umefungwa kwa fundo la hatamu ambalo halihitaji utepe. Trini akaenda kwenye kioo, akajitazama kushoto na kulia.

"Nimekuwa hatamu," alisema.

"Hautafumuka."

"Hata kiyama kikija hautafumuka! Malaika watanivuta nao."

Jioni ile Delfina alihangaika na lile fundo kwa kucha, kwa meno, kwa uma, huku mama yake akilia kwa kucheka na kushika mshono. Asubuhi iliyofuata Trini alitoa amri: mafungu matatu, kama binadamu wengine, na bila kuvuta. Nabor akajifunza. Akajifunza pia kukamua mrija ubavuni na kuosha kidonda bila kugeuza uso. Akajifunza maji ya kuogea yawe moto kiasi gani, na kwamba mkono unaotangulia kuingia katika shati ni ule mgonjwa. Jiko nalo likawaka. Chapati za mahindi aliziunguza majira yote ya baridi, na Trini alizila huku akisema zimepata harufu ya nyumbani, ya siku ile ghala la mjomba liliposhika moto.

Kule mashambani, wakati wa kupogoa, wenzake walimuuliza hali ya mgonjwa, akajibu, "Anaendelea." Hakuwaambia zaidi. Wanaume wa kwao hawakuwa na maneno ya kuzungumzia mambo hayo, na kama walikuwa nayo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyatoa.

Maneno hayo yalikuwa chini ya kanisa, kila Alhamisi, kwa Chole.

Chole alikuwa mama wa ubatizo wa Delfina, na kwa sababu hiyo yeye na Nabor waliitana mzazi mwenzangu. Kansa ya tumbo ilikuwa imemchukua mumewe miaka ya nyuma, na alipomaliza kumlilia alimwomba padre ufunguo wa ukumbi wa chini. Tangu hapo aliwakusanya wanaougua na wanaowauguza. Walikaa kwenye viti vya kukunja, wakanywa kahawa, wakafundishana namna ya kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo, namna ya kumrudisha daktari nyuma na kumwambia sijaelewa, sema tena. Halafu walisema yale ambayo nyumbani hayasemeki. Waliokuja walikuwa wanawake. Waume zao waliwaleta, wakabaki nje ndani ya magari yao, kila mmoja na redio yake, mstari mzima, vioo vimeingia ukungu.

Trini alihudhuria kila Alhamisi. Nabor alisubiri kila Alhamisi. Chole alikuwa akitoka na kikapu cha mkate mtamu, akigonga kioo kimoja baada ya kingine.

"Mzazi mwenzangu, ndani kuna joto."

"Na humu kuna joto. Nimewasha hita."

"Ndani kuna viti."

"Hiki nilichokalia ni nini?"

"Ndani kuna watu, Nabor."

"Hiyo ndiyo sababu," alijibu Nabor, akachukua mkate.

"Nyinyi wanaume! Siku ya mwisho Mungu atawakuta mmeshika usukani."

Majira ya kuchipua yalipokuja, na Nabor yuko shambani akipunguza maua ya mitofaa ili matunda yatakayobaki yanenepe, ugonjwa ulirudi. Safari hii ulikuwa umeingia ini na mifupa. Daktari alieleza kwa muda mrefu na Delfina akatafsiri kwa muda mfupi.

"Sema yote, mwanangu," Trini alimwambia. "Uso wako umeshasema. Mdomo tu ndio unachelewa."

Kulikuwa na dawa kali za dripu zinazoweza kuongeza muda. Nywele zitaanguka. Trini aliitikia kwa kichwa, na wote watatu wakarudi nyumbani, mitofaa imejaa maua pande zote za barabara kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni, Nabor akimchana, Trini alisema, "Nataka uukate."

"Nini?"

"Msuko. Mzima, kabla dawa hazijaanza. Upelekwe Santa Rita, kwa Mama wa Kimbilio."

Mkono wa Nabor ulisimama. Alikuwa analijua kanisa dogo lile, na ukuta wa nyuma ya sanamu ya Bikira, ulivyojaa misuko ya wanawake waliomwahidi kitu wakapewa. Msuko wa mama yake Trini ulikuwa pale, umefungwa utepe wa kijani. Yule mama aliutoa Trini alipovuka jangwa la mpakani akiwa msichana na kupiga simu kwamba amefika salama. Ndiyo ilikuwa nadhiri yake: binti yangu afike, nitakupa nywele zangu. Binti akafika, na mama na mtoto hawakuonana tena. Trini na Nabor hawakuwa na vibali vya kuishi huku. Kuondoka waliweza, kurudi kwa binti yao wasingeweza. Mama alipofariki, Trini alisikiliza mazishi kwa simu, kaka yake ameinyoosha juu ya kaburi, na alichosikia zaidi ni upepo.

"Nywele zangu zikae na zake," Trini alisema. "Mimi mwenyewe sitafika tena, Nabor. Acha kitu changu kimoja kifike."

Nabor hakutaka kusikia. Kwao nywele za mwanamke zilikatwa kwa mambo mawili tu, akiwa amekwisha kupewa alichoomba, au akiwa amekwisha kufa.

"Hujapona," alisema.

"Sijasema nimepona."

"Basi unamlipa kwa lipi? Hata fundi bomba hulipwa akishamaliza kazi."

Trini alicheka mpaka akashika ubavu. "Nilichomwomba ni changu na chake. Wewe kata."

"Sikati. Nywele hizi nazisuka mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo, na mwenyewe alishtuka. Akaweka chanuo, akatoka nje kwenda kuangalia injini ya gari, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dawa zikaanza, na msuko ungali kichwani. Trini alimwomba tena, na tena akakataa. Alikuwa anafikiri kama mtu anavyofikiri akiwa amebanwa ukutani: nywele zikibaki, mwenye nywele atabaki. Zipo dawa ambazo hazimwangushi kila mtu nywele, alisema. Tusubiri.

Asubuhi moja, chanuo lilipopita, lilirudi limejaa. Nabor alizichomoa zile nywele upesi akazitia mfukoni. Akachana tena, likajaa tena.

"Umeficha nini mfukoni?" Trini aliuliza, akimtazama kupitia kioo.

"Leso."

"Leso ina mvi?"

Akazitoa. Trini alizipokea kiganjani akazitazama. Hakuwa amelia siku ya titi, wala siku ya ini. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto.

"Nitampelekea nini mama yangu, Nabor? Nitampelekea fungu la takataka za kwenye chanuo? Nadhiri ni msuko mzima. Mzima!"

Ndipo Nabor alipoona alichofanya. Alikuwa ameng'ang'ania nywele kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo karibu azimwage zote. Akaenda kwenye sanduku la zana, akarudi na uzi wa nta.

"Kaa," alisema. "Usitikise kichwa. Safari hii nitavuta."

"Mafungu mangapi?"

"Manane."

Mafungu manane baba yake alikuwa akiyasuka kwa hatamu za farasi wa harusi tu. Ni kazi ambayo kila ukanda unaukaba mwenzake, na hata ukanda mmoja ukikatika ndani, hauna pa kutokea. Kwanza alizifunga nywele zote karibu na ngozi kwa uzi wa nta, zilizoshika na zilizokwisha kuachia. Kisha akasuka. Alisuka taratibu mchana kutwa, akisimama tu kumpa maji na kumsogezea ndoo alipotaka kutapika. Trini alikuwa akisali rozari, na kila baada ya fumbo alinung'unika, "Polepole, hatamu hiyo ina mtu." Delfina alipoingia jioni alisimama mlangoni na mifuko yake ya sokoni.

Nabor alifunga fundo la juu na la chini. Akaleta mkasi wake wa kupogolea, aliokwisha kuunoa na kuuchemsha, akafanya ishara ya msalaba. Akakata juu ya uzi.

Msuko ukabaki mkononi mwake. Hakuna unywele ulioanguka sakafuni.

Trini akajipapasa shingoni. "Kumbe ulikuwa mzito hivyo," alisema. "Umepogoa vizuri, mzee?"

"Nimepogoa vizuri."

Waliufunga ndani ya shali yake ya bluu, wakauweka kabatini kusubiri mtu mwenye vibali anayesafiri.

Julai, siku ambayo nchi hii husherehekea uhuru wake kwa fataki, ndiyo sikukuu ya Mama wa Kimbilio. Miaka yote Trini alikuwa na msimamo wake juu ya jambo hili. Watoto wa majirani walipoanza kulipua baruti barabarani, yeye alitoa kiti nje, akajifunika shali, akafanya ishara ya msalaba kwa kila mlio. "Wenyewe wanadhani ni fataki zao," alisema. "Waache wadhani." Mwaka ule Nabor alimbeba mpaka nje. Alikuwa mwepesi. Alifumba macho, na mlio ulipotokea alitaja barabara za Santa Rita moja moja, kwamba sasa maandamano yanapita kwa mfinyanzi, sasa yanazunguka kisima, sasa wanapanda ngazi za kanisa. Nabor naye akafumba macho akatembea naye.

Alifariki mavuno ya matofaa yalipoanza, kitandani kwake. Muuguzi wa hospitali alikuja kuleta dawa ya maumivu, akaondoka. Hakuna mikono mingine iliyomgusa isipokuwa ya Delfina na ya Nabor. Nywele zilikuwa zimeanza kuota tena, laini kama manyoya ya kifaranga, na Nabor alizichana kila asubuhi kwa brashi ya mtoto. Asubuhi ile alizichana pia. Alikuwa amefika nyuma ya sikio alipotambua.

Sisi wa bondeni tulisali siku tisa za rozari, Bwana ampe pumziko la milele. Akazikwa katika makaburi ya hapa bondeni, upande ambao mtu akisimama anaona mashamba. Majirani walileta vyungu vya maharage na tamale za unga wa mahindi, baadaye vyungu vikapungua, vikaisha. Nabor hakufa kwa njaa. Alijipikia. Chapati zilikuwa nzuri sasa, za mviringo, zisizoungua, na hakukuwa na mtu wa kuzitania.

Na ule msuko, aliokuwa ameutoa kabatini, ulilala kitandani usiku na mchana, upande wa Trini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Chole alikuja. Yeye alikuwa na vibali, na alikuwa anakwenda kwao. Santa Rita haikuwa mbali na hapo.

"Nimekuja kuchukua mzigo wa mwenzangu," alisema.

Nabor alimmiminia kahawa. "Hakuna mzigo."

"Nabor."

"Trini aliomba apone. Hakupona. Kwa hiyo Bikira hana anachodai katika nyumba hii, na nisamehe kwa kusema hivyo, mzazi mwenzangu, maana bado nasali kwake kila siku. Lakini nywele hadai."

"Nani kakwambia aliomba apone?"

"Mgonjwa ataomba nini kingine?"

Chole alimtazama, akazungusha kikombe. "Njoo Alhamisi. Na safari hii usikae garini. Nikikwambia peke yangu utasema natia chumvi."

Alhamisi alikwenda. Alikaa garini kwanza, redio imezimwa, ameshika usukani. Halafu akapiga moyo konde, akavua kofia, akashuka ngazi. Chini kulikuwa na wanawake wachache kwenye viti vya kukunja, na harufu ya kahawa. Wote wakageuka kumtazama.

"Huyu ni mume wa Trini," Chole alisema.

"Kumbe!" alisema Obdulia, mwanamke mnene aliyekuwa akimuuguza dada yake. "Wewe ndiye wa hatamu! Mimi si farasi! Mimi si farasi!" Ukumbi mzima ukacheka, na Nabor, masikio yakimwaka moto, akagundua kwamba watu hawa wanamjua kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Obdulia," alisema Chole, "mwambie alichosema Trini. Wiki ile ya kwanza."

Obdulia akafuta macho. "Alikaa hapo ulipo. Mrija ungali ubavuni. Akatuambia, mimi sijaomba kupona, la kupona ni la Mungu, atakavyo. Mimi nimemwomba Mama wa Kimbilio kitu kimoja, nisije nikaogeshwa na wageni. Nililelewa na mama yangu, nikamkosa, nimeishi kwenye nchi ya watu. Basi hadi mwisho wangu mikono ya nyumbani ndiyo inishike. Akinipa hilo, nampa nywele. Halafu akacheka, unamjua alivyocheka, akasema, na nina mume asiyejua hata kuchemsha maji, kwa hiyo jueni ni muujiza naomba, si mchezo."

"Na baadaye?" Chole aliuliza.

"Baadaye, kabla theluji haijaisha, akaja na msuko wake umelala vizuri, akasema, jamani, nimeshapewa. Nadaiwa."

Nabor alikuwa ameketi bila kujua ameketi lini. Siku zote hizo yeye alikuwa juu, nje, hatua chache tu, na hita imewashwa. Aliitazama mikono yake, yenye makovu ya matawi na ya kanda za ngozi, akaigeuza upande wa pili, kama kitu alichokabidhiwa na mtu akasahau kukirudisha. Hakuna aliyemharakisha. Obdulia akamsukumia sahani ya mkate.

Jumapili yake Delfina alimkuta ameufungua msuko mezani.

"Baba," alisema, "kama unataka kuupeleka mwenyewe, nitakuelewa. Sitakushika."

Alitaka. Alitaka mpaka mifupa ikamuuma. Angepanda zile ngazi na msuko begani, angeutundika kwa mkono wake, angelala usiku ule asikie mbwa wa Santa Rita. Lakini asingerudi. Na kaburi lilikuwa huku, na nani angeng'oa magugu, nani angemwambia Trini kwamba matofaa yameiva?

"Nikienda kwa nywele zake, nitamwacha mwenyewe," alisema. Akaufunga tena ndani ya shali, akampelekea Chole. Alipofika mlangoni akitoka, akageuka. "Fundo kubwa likae juu. Wasiufunge utepe. Hauhitaji."

"Nimesikia, mzazi mwenzangu."

"Na uwekwe karibu na wa kijani."

"Nimesikia."

Siku ya sikukuu, Nabor alitoa viti viwili nje. Watoto wa jirani walishaanza kulipua baruti zao. Simu ilipolia, alisimama kuipokea.

"Nabor! Unanisikia? Kuna kelele!"

"Nakusikia. Sema."

"Umeshatundikwa! Uko kando ya wa mama yake, unaugusa kabisa. Ule utepe wa kijani umepauka, lakini upo. Na fundo liko juu. Sikiliza, sasa. Mlinzi wa kanisa, mzee mmoja hivi, aliushika akaugeuzageuza, akaniuliza, huu kasuka nani? Nikamwambia ni wa mwanamke wa hapa aliyefia kaskazini. Akasema, sikuulizi wa nani, nauliza kasuka nani, maana hii ni kazi ya Equihua, ya farasi wa harusi. Nilidhani wote wamekwisha, akasema. Yuko Equihua aliye hai?"

Nabor akaketi tena kwenye kiti chake.

"Nabor? Nimjibu nini? Yuko hapa, anangoja!"

"Mwambie yupo," alisema. "Mwambie niko mbali, lakini nipo."

"Haya. Ngoja, wanatoka na Bikira sasa. Nainua simu."

Mlio wa kwanza ulimfikia sikioni, na karibu wakati huo huo mwingine ukalia barabarani mbele ya nyumba, na watoto wakashangilia. Nabor alivua kofia yake, akaiweka kwenye kiti cha Trini. Akafumba macho. Walikuwa wanapita kwa mfinyanzi.